Kukuza skrini ya kompyuta bila kupotea ndani yake

Ukikuza skrini mara mbili, unachobaki nacho mbele ya macho ni robo yake. Ukikuza mara tatu, ni sehemu moja kati ya tisa. Mara nne, moja kati ya kumi na sita. Nilianza kutumia kompyuta bila kuijua hesabu hii, nikadhani tatizo ni mimi: nawasha Magnifier, programu ya Windows ya kukuza skrini, herufi zinanona kama viazi, halafu sijui tena niko wapi kwenye ukurasa. Nazima, narudi kubandika pua kwenye kioo.

Nina ualbino. Macho yangu yanaona vya karibu tu, hayatulii, huchezacheza yenyewe, na mwanga mkali huyachoma. Kazi yangu ni steshenari hapa Morogoro: kuchapa barua, kuwajazia watu fomu za mtandaoni, kupanga alama za wanafunzi kwenye Excel walimu wanapoleta karatasi zao. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayekaa mbele ya skrini kutwa nzima na anatakiwa kumaliza kazi ya watu. Nitaegemea Windows 10 na 11, maana ndizo zilizojaa huku kwetu. Mac na Linux zitapata nafasi yao fupi.

Jambo moja kwanza: kama macho yako yamebadilika miezi ya karibuni, anza kwa daktari wa macho. Usikuze skrini kuficha mtoto wa jicho anayeweza kutolewa.

Ukubwa wa bure

Kabla ya kugusa Magnifier, chukua kila ukubwa usiokunyang'anya ukurasa.

Wa kwanza ni umbali. Skrini iliyo sentimeta 60 kutoka machoni, ukiileta hadi sentimeta 30, herufi zinaonekana kubwa mara mbili, na hakuna kilichokatwa pembeni. Utotoni tulikatazwa kukaa karibu na televisheni tukiambiwa macho yatakufa. Kwa mwenye uoni hafifu, kusogea hakuharibu jicho. Kinachoumia ni shingo na mgongo, kwa hiyo usipeleke kichwa kwenye skrini, ilete skrini kwako. Laptop yangu imekaa juu ya rimu mbili za karatasi za A4, ukingoni kabisa mwa meza, na kibodi ya USB nimeipakata mapajani. Wateja hucheka. Mgongo wangu haucheki.

Wa pili ni skrini yenyewe. Kutoka laptop ya inchi 15.6 kwenda skrini ya inchi 24 yenye idadi ile ile ya nukta (pixel) zinazounda picha, kila kitu kinakua karibu mara moja na nusu. Hata televisheni bapa ya sebuleni inafaa, waya wa HDMI tu.

Wa tatu uko ndani ya Windows. Fungua Settings, ingia System, kisha Display, utafute palipoandikwa Scale. Kompyuta nyingi huja na 100% au 125%. Weka 150% na uishi nayo siku mbili kabla ya kuamua. Hapa Windows inachora herufi upya kwa ukubwa mpya, kwa hiyo zinabaki kali. Magnifier yenyewe hukuza picha iliyokwisha kuchorwa, ndiyo maana huleta ukungu kingoni mwa herufi.

Usichanganye Scale na Display resolution iliyo jirani yake. Fundi mmoja aliwahi "kunisaidia" kwa kushusha nukta za laptop yangu kutoka 1366 kwa 768 hadi 800 kwa 600. Vitu vilikua kweli, lakini herufi zikawa pana kama zilizokanyagwa na tairi, na ukungu juu yake. Nilitumia hivyo miezi mitatu kwa kumwonea haya. Resolution iache palipoandikwa Recommended.

Kuna pia Text size. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na U. Kwenye Windows 11 utaingia ukurasa wa Accessibility, kwenye Windows 10 unaitwa Ease of Access. Kipo kitelezi kinachokuza maandishi peke yake hadi 225%. Kivute, kisha ubofye Apply, la sivyo hakuna kitakachobadilika. Majina ya mafaili na menyu yatakua, ingawa si kila programu itatii.

Kwenye kivinjari, shikilia Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha. Chrome inafika 500% na inakumbuka ukubwa wa kila tovuti kivyake, kwa hiyo tovuti yenye herufi za sisimizi unaikuza mara moja tu. Uzuri wake ni kwamba tovuti zilizotengenezwa vizuri hujipanga upya kama zinavyofanya kwenye simu: mistari inavunjika, unasoma kwa kushuka chini tu. Ctrl na sifuri hurudisha 100%.

Kwenye Word, shikilia Ctrl uzungushe gurudumu la kipanya. Huko ni kukuza unavyoona wewe, karatasi itatoka vilevile. Nawaambia hivi kwa sababu nimewaona watu wakibadilisha herufi ziwe saizi 28 ili wasome, wakasahau, na barua ya ukurasa mmoja ikatoka printa kurasa tano. Ukishakuza hadi mistari inatoka nje ya dirisha, ingia View uchague Web Layout: maneno yatajikunja yaenee dirishani kwa ukubwa wowote. Rudi Print Layout kabla ya kuchapa ili uone kurasa zilivyokaa.

Wapo watakaoishia hapa, na sioni sababu ya kuwasukuma mbele.

Kuwasha Magnifier na kuitengeneza ikukae

Magnifier imo ndani ya Windows tangu Windows 98. Huna cha kupakua wala cha kulipia. Kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha kinaiwasha na kuendelea kukuza. Windows na alama ya kutoa hupunguza. Windows na Esc huizima. Kwenye kibodi ya laptop, alama ya kujumlisha imekaa pamoja na ile ya sawasawa, na huhitaji kushika Shift.

Ikiwaka kwa mara ya kwanza huruka moja kwa moja hadi 200%, na kila ukibonyeza inaongeza 100% nyingine. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu pengine macho yao yalihitaji 150% tu. Fanya hivi mara moja:

1. Bonyeza Windows na U, kisha uingie Magnifier.
2. Tafuta Zoom increment, yaani hatua ya kukuza. Weka 25%. Ukihisi inakawia, weka 50%.
3. Kwenye orodha ya vitu ambavyo Magnifier ivifuate, weka alama kwenye mouse pointer, keyboard focus na text cursor. Cha kwanza ni mshale wa kipanya, cha pili ni sehemu uliyofikia ukitumia kitufe cha Tab, cha tatu ni kile kijistari kinachopepesa unapoandika.
4. Kwenye Keep the mouse pointer, chagua within the edges of the screen.
5. Kama kompyuta ni yako peke yako, iambie ianze yenyewe ukishaingia. Ukishindwa hata kuona sehemu ya nywila, iwashe kabla ya kuingia: kwenye ukurasa wa kuingilia, kona ya chini kulia, kuna alama ya Accessibility.

Hatua ya nne inastahili neno zaidi. Uchaguzi mwingine ni kuuweka mshale katikati ya skrini daima, na maelezo mengi husifia hilo kwa kuwa hutautafuta mshale kamwe. Ni kweli, lakini kila ukigusa kipanya, dunia yote inatembea. Sisi ambao macho yanachezacheza tunaishia na kichefuchefu saa nne asubuhi. Ukichagua kingo, picha inatulia mpaka mshale ufike pembeni. Jaribu zote mbili kwa kazi halisi, si kwa dakika moja.

Ukiwa humo, kuza na mshale wenyewe. Kwenye sehemu ya mouse pointer kuna ukubwa wa 1 hadi 15 na rangi za kuchagua. Wangu ni namba 5, rangi ya kijani kibichi iliyokolea. Kwa kijistari cha kuandikia kuna Text cursor indicator, inayokivika vishikizo viwili vya rangi juu na chini ili kisipotelee kati ya maneno.

Sura tatu, na ipi kwa kazi ipi

Magnifier inakuza kwa namna tatu. Ctrl, Alt na F hukuza skrini nzima. Ctrl, Alt na L huleta lenzi, dirisha dogo linalotembea na mshale kama kioo cha kukuzia cha fundi saa. Ctrl, Alt na D hugawa skrini: juu kunakuwa na ukanda uliokuzwa, chini kila kitu kinabaki na ukubwa wake. Ctrl, Alt na M hukuzungusha kutoka moja hadi nyingine.

Skrini nzima inafaa kusoma na kuandika, kazi ambazo jicho linafuata mstari mmoja. Lenzi naitumia kwa vitu vya kuchungulia tu, kama namba ya risiti kwenye picha ya WhatsApp au sahihi iliyoskaniwa. Kuisomea ukurasa mzima ni mateso. Upana na urefu wake unabadilishwa kwenye mipangilio, na nakushauri uifanye ndefu kwa ubavu, fupi kwenda juu, ili imeze mstari mzima wa maneno.

Sura ya kugawanya ndiyo isiyopewa heshima yake, na ndiyo iliyookoa kazi yangu.

Ilikuwa muhula wa kwanza, mwalimu ameleta alama za darasa zima, majina zaidi ya themanini, masomo tisa. Nikakuza skrini nzima hadi 300% nikaanza kuingiza. Kwa ukubwa huo naona seli kama sita au saba hivi, jina silioni, kichwa cha somo sikioni. Mahali fulani nikashuka mstari mmoja bila kujua. Kuanzia hapo kila mtoto alipewa hisabati ya jirani yake. Mwalimu aligundua mwishoni, mtoto wa mwisho alipobaki na alama bila jina. Tulirudia usiku, yeye akisoma, mimi nikiandika.

Sasa nafanya hivi. Nafungua Excel, nabofya seli iliyo chini ya vichwa vya masomo na kulia kwa majina, naingia View, nachagua Freeze Panes. Vichwa na majina havisogei tena. Halafu Ctrl, Alt na D. Nashika ukingo wa chini wa ule ukanda uliokuzwa naushusha mpaka utoshe mistari mitatu: niliyotoka, niliyopo na ninayokwenda. Juu nasoma tarakimu, na chini, hata kama sisomi chochote, naona umbo la jedwali na kijisanduku cha kijani kilipo. Natembea kwa Enter na Tab, si kwa kipanya, na Magnifier inanifuata. Kila baada ya watoto kumi namwuliza mwalimu, "Huyu ni nani?" Tukilingana, tunaendelea.

Kitufe kisichoonekana

Sehemu ya pili inayopoteza watu ni fomu za mtandaoni. Umejaza kila kitu, umebofya kitufe cha kutuma, kimya. Unabofya tena, kimya. Kumbe juu kabisa ya ukurasa kumetokea maandishi mekundu kwamba namba ya simu ianze na 255, au katikati kumefunguka kidirisha kinachongoja ukubali jambo, nawe umesimama kona ya chini na kipande chako cha robo.

Dawa ni kuwa na tabia ya kupanda mlimani. Ctrl, Alt na kitufe cha nafasi hukuonyesha skrini yote kwa muda mfupi, ikiwa imechorwa mahali ulipo, kisha hukurudisha. Husomi neno, lakini unaona kuna kitu chekundu juu, unakifuata. Mimi hubonyeza hivyo kila ukurasa mpya unapofunguka, kabla ya kusoma chochote: menyu iko kushoto, fomu ina safu mbili, kitufe kiko chini kulia. Ndipo nashuka.

Ndani ya fomu, acha kipanya. Tab inakupeleka kwenye kisanduku kinachofuata, Shift na Tab inarudi nyuma, kitufe cha nafasi huweka alama ya vema. Kwa kuwa uliruhusu Magnifier ifuate keyboard focus, itakubeba yenyewe hadi kisanduku kilichofichika upande wa pili. Ukitaka kusogeza picha bila kuhamisha mshale, shikilia Ctrl na Alt ubonyeze mishale minne ya kibodi. Angalizo: kwenye baadhi ya kompyuta za zamani zenye programu ya picha ya Intel, vitufe hivyo hivyo hugeuza skrini miguu juu. Usipige kelele. Ctrl, Alt na mshale wa juu huirudisha.

Ctrl na Alt zikishikwa huku gurudumu la kipanya likizungushwa, unakuza na kupunguza kadiri unavyokwenda. Ndivyo navyofanya kazi kwa kweli: 125% kutafuta, 250% kusoma, 125% tena.

Mwanga

Kwa mwenye ualbino, ukurasa mweupe ni taa iliyoelekezwa usoni, na kuukuza hakupunguzi mwanga wake. Ctrl, Alt na I hugeuza rangi zote, weupe unakuwa weusi, na siku ya kwanza nilipoibonyeza nilihisi kama mtu amenifungia dirisha la jua. Kasoro yake ni picha: nikitengeneza paspoti saizi, mteja anaonekana kama mkanda wa zamani wa picha kabla haujasafishwa. Nabonyeza tena, nazirudisha.

Kwa kazi ya kutwa, Contrast themes (kwenye Windows 10 huitwa High contrast) ni tulivu zaidi, kwa sababu hugeuza maandishi na menyu bila kuziharibu picha. Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja huziwasha na kuzizima. Na tazama dirisha la chumba lilipo. Likiwa mgongoni mwako linang'aa ndani ya kioo, likiwa mbele linakupiga machoni. Liweke ubavuni, hata kama meza itakaa kiajabu.

Macho yakichoka

Magnifier inaweza pia kusoma kwa sauti. Ctrl, Alt na Enter huanzisha na kusimamisha, H badala ya Enter hurudi sentensi iliyopita, K huenda inayofuata. Tatizo ni kwamba hutumia sauti zilizomo kwenye kompyuta, na nyingi huku zina Kiingereza tu. Ukiipa barua ya Kiswahili utasikia Mzungu wa siku ya kwanza kwenye stendi ya Msamvu. Kwa Kiswahili fungua ukurasa kwa Microsoft Edge, ubonyeze Ctrl, Shift na U, kisha kwenye chaguo za sauti utafute za Tanzania, Rehema na Daudi, au za Kenya, Zuri na Rafiki. Zinahitaji intaneti, lakini zinatamka kama watu. Barua ndefu ya mteja huwa naisikiliza mara moja kabla ya kuichapa. Sikio hukamata "kwa heshima na taadhima" iliyoandikwa mara mbili, jicho langu lingeiruka.

Mac na Linux

Kwenye Mac, ingia System Settings, Accessibility, Zoom, na uruhusu vitufe vya kukuza. Option, Command na 8 huwasha na kuzima. Ukibadilisha 8 kwa alama ya sawasawa unakuza, kwa alama ya kutoa unapunguza. Ndani ya Accessibility kuna pia Hover Text, ambayo Windows hawana mfano wake ninaoujua: unashikilia Command, unaweka mshale juu ya neno, na neno hilo linatokea kwenye kidirisha kikubwa huku skrini ikibaki ilivyo. Kwenye Linux yenye GNOME, kama Ubuntu, ni Super, Alt na 8, na Super ndiyo ile ile yenye alama ya Windows.

Kompyuta ya watu

Kwenye intaneti kafe au maktaba huhitaji ruhusa ya mtu: vitufe vyote vya Magnifier hufanya kazi bila kusakinisha kitu. Ila kabla ya kuinuka bonyeza Windows na Esc, Ctrl na sifuri kwenye kivinjari, na kama uligeuza rangi, zirudishe kwanza kabla ya kuzima.

Nasema hivi kwa sababu wanaoletewa lawama ni sisi tulio kibandani. Mwezi uliopita mama mmoja aliingia na laptop ya mwanawe imefungwa kwenye kanga. Imevimba, akasema. Ameshaambiwa na fundi kioo kinataka kubadilishwa. Nikaifungua: alama ya betri peke yake imejaa kama sahani, na ukisogeza kidole kila kitu kinakimbia. Nikabonyeza Windows na Esc. Akaniangalia, akaiangalia laptop, akauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia aninunulie soda.